Oda Imefungwa

Ukiuliza sokoni Nakawa, watakuambia Nabintu mshona nguo ana roho mbaya. Usibishane nao. Ila waulize pia ni nani aliyenifikisha huko, na wakikutajia Sumayiya wa Naguru, basi kaa kitako nikusimulie mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilifika Kampala na watoto wangu na mkasi, nikapanga chumba Kyebando, nikakodi kibanda hapa sokoni, nikashona mpaka watu wakanijua. Anayetaka gauni la kitenge lenye maua kwenye kola, anaambiwa nenda kwa Mama Nabintu. Sikuwa na mali nyingine zaidi ya jina hilo.

Sumayiya alikuwa na duka la mtandaoni. Duka lenyewe ni picha kwenye simu, mali iko stoo nyuma ya nyumba yake, juu kule Naguru. Niliagiza kwake cherehani ya kudarizi, nikalipa yote kabla, maana ndivyo alivyotaka. Nikaambiwa mtu wa bodaboda ataileta mchana. Mchana ukaja na mvua ya kubomoa mabati, na katikati ya mvua hiyo simu yangu ikalia. Ujumbe unasema: Umepokea mzigo wako, asante kwa kununua kwetu.

Mzigo gani? Nikatazama chini ya meza. Nikatoka nje, nikidhani labda pikipiki imesimama mlangoni. Hapakuwa na pikipiki wala mtu, maji tu yanapita na maganda ya ndizi.

Nikampigia Sumayiya. "Nnyabo," akaniambia, ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, kwa sauti ya asali, "simu inaonyesha umeweka saini."

"Saini gani? Sijaona hata tairi la pikipiki!"

"Basi ulizana na kidole chako," akasema, akakata.

Aka! Mimi kukatiwa simu namna hiyo! Nilimpeleka mbele ya kamati ya usuluhishi ya soko. Mwenyekiti wake ni Wakili Ayoo, mama aliyetoka mji wa Lira, mpole, ofisi yake inatazamana na lango la soko. Sumayiya alikuja amejipulizia manukato mpaka wenye pilipili wakapiga chafya. Akaweka simu yake kubwa mezani, akatuonyesha ile saini. Ilikuwa mstari umejikunja kama mnyoo uliokanyagwa.

"Hiyo si yangu," nikasema. "Mimi nikiweka saini naandika jina langu lote. Kama nilipokea, leta karatasi yenye mkono wangu."

Sumayiya akacheka, akawageukia watu waliojaa mlangoni. "Karatasi! Mmemsikia? Mama, labda huko kwenu msituni ndiko wanakotaka karatasi. Hapa Kampala kidole kimesema. Kidole kikisema, mdomo unyamaze."

Watu wakacheka. Nawakumbuka wote waliocheka, mmoja mmoja.

Wakili Ayoo hakucheka. Alisema sheria ya nchi haikatai uthibitisho kwa sababu tu uko ndani ya simu, kama vile haipokei karatasi kwa sababu tu ni karatasi. Inachotaka kujua ni kama ni wa huyo mtu kweli. Kisha akamwita aliyetumwa kuleta mzigo, kijana wa kabila la Lango anayeitwa Okwir, mwendesha bodaboda wa kampuni ya mizigo. Okwir akasema amenikabidhi mkononi. Alisema huku anatazama viatu vyake.

"Nitazame mimi!" nikamwambia. Hakunitazama.

Basi. Sumayiya ana ujumbe, ana saini, ana shahidi. Mimi nina mdomo tu. Wakili Ayoo akasema hawezi kunipa haki kwa huruma. "Lakini ukipata jambo jipya, mama, rudi. Mlango wangu huuoni ule pale?"

Kama yangeishia hapo, ningelia wiki moja nikanyamaza. Sumayiya hakutaka yaishie hapo. Juu ya paa la soko letu kuna kizindaalo, vile vipaza sauti vya bati vinavyotangaza misiba, watoto waliopotea na sabuni iliyoshuka bei. Mwanamke yule alimpa mtangazaji chochote, na kesho yake asubuhi nikasikia jina langu juani: "Wafanyabiashara, jihadharini na Nabintu, mshonaji wa Kongo, anayepokea mizigo ya watu na kusema hakupokea." Jioni tena. Na kesho yake tena.

Unajua jinsi jina linavyokufa? Linakufa kwa adabu. Mama mmoja ambaye nilimshonea hata nguo za ubatizo wa watoto wake alikuja kuchukua kitenge chake kabla sijakigusa. Akakipima kwa mkono wake mbele yangu, kutoka kifua mpaka kidole, aone kama sijakata kipande. Kisha akaniambia Mungu akubariki. Nikafunga kibanda.

Aliyeniokoa ni Estelle, dada wa Goma mwenye duka la nguo upande wa pili wa soko. Yeye anapokea oda kwa simu na jina ni lake. Mimi akaniweka nyuma ya pazia na cherehani ya miguu, nishone bila kuonekana. "Dada, si kwamba nakuonea haya," akaniambia, "ila wateja." Nilimwelewa. Lakini nyuma ya lile pazia, kila nilipokanyaga pedeli, nilikuwa namkanyaga Sumayiya. Sikutaka pesa zake. Nilitaka kitu kimoja: apande mwenyewe kule kwenye kizindaalo, aseme kwa mdomo wake, jua likiwaka, kwamba Nabintu hakupokea. Nilimwomba Mungu kitu hicho hata kanisani, wenzangu wakiombea wagonjwa.

Na Mungu wangu si kiziwi. Siku moja Estelle akaniletea oda ya gomesi, zile nguo ndefu za Waganda zenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Zilikuwa za kwanjula, siku binti anapomtambulisha mchumba nyumbani kwao. Moja ya hariri kwa ajili ya ssenga, shangazi wa binti, na nyingine za rangi hiyohiyo kwa wanawake watakaotoka naye. Binti mwenyewe aliagiza kwa simu, sauti yake ya heshima, jina lake Lailah. Nikauliza zinapelekwa wapi. Estelle akasita.

"Naguru," akasema. "Dada, nilijua utajua tu. Ni binti wa Sumayiya."

Nikachukua mkasi. Estelle akapiga ukelele akadhani nataka kuichana ile hariri. Thubutu! Nilizishona gomesi zile kama nashonea malkia. Binti hakunikosea kitu, na kitambaa hakina kosa. Wakati ule sikuwa na mpango wowote, nakuapia. Nilikuwa na hasira tu, nayo ilikuwa imeshazoea kukaa.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, kampuni ya mizigo ikatuma mtu. Nikiwa nyuma ya pazia nikasikia sauti. Nikaijua. Nikachungulia. Okwir!

Estelle akaweka furushi kwenye kigoda. Okwir akatoa simu yake huku anapiga soga kuhusu foleni ya barabarani, na bila hata kuangalia vizuri, akapitisha kidole gumba kwenye kioo. Mstari uliojikunja. Mnyoo uleule! Na hapohapo simu ya Estelle ikalia: Mzigo wako umepokelewa na mteja.

Furushi liko kwenye kigoda. Mteja yuko Naguru. Na saini imeshawekwa.

Nilitoka nyuma ya pazia kama moto wa petroli. "Wee Okwir!"

Kijana akaruka. "Mama Nabintu... sikujua uko hapa..."

"Umefanya nini na hicho kidole?"

"Nimefunga oda tu, mama."

"Kufunga nini? Mzigo huu hapa!"

Ndipo akanieleza, anatokwa jasho. Kampuni haiwapi oda nyingine mpaka waliyo nayo ifungwe. Ukichelewa njiani, simu inakunyima kazi siku nzima. Kwa hiyo wote, kijiwe kizima, wanaweka saini ya mteja palepale wanapochukua mzigo, kisha ndio wanaupeleka. "Tunapeleka kweli, mama. Karibu siku zote tunapeleka."

"Na cherehani yangu? Iliishia wapi?"

Midomo ikamcheza. Nilidhani atasema. Badala yake akageuka kuchukua furushi, nami nikalikalia. Ndiyo, nilikaa juu ya furushi kwa makalio yangu haya.

"Mama, unaniharibia kazi!"

"Kazi gani? Simu inasema umeshamaliza. Nenda zako."

Akaomba, akapiga magoti. Nikamwambia aniambie cherehani iko wapi. Akarukia pikipiki akaondoka, hata kofia yake aliisahau mezani. Nasikia alizima simu siku hiyo mpaka kesho yake.

Estelle alianza kulia. "Nabintu, utanifungia duka! Watu wa Naguru wale!"

"Kwani tumemwibia nani? Simu imesema wamepokea. Zingoje hapa mpaka kesho. Lawama zote weka kwangu."

Jioni Lailah akapiga, akauliza kwa adabu kama mzigo uko njiani, maana ujumbe umesema wamepokea lakini hawajaona kitu. Estelle akamjibu kama nilivyomwambia: kwetu oda imefungwa. Nilimhurumia binti yule, nasema kweli. Nikamhurumia, na bado sikunyanyuka.

Jumamosi, soko limejaa, Sumayiya akafika mwenyewe. Hakuwa na manukato. Alikuwa amevaa nusu, kitenge kwa chini, kichwani kilemba cha sherehe, miguuni viatu virefu vya dhahabu vilivyojaa tope la soko. Alikuja anapiga kelele toka kwenye nyanya. "Estelle yuko wapi? Nguo zangu ziko wapi? Wageni wako njiani! Ssenga amekaa chumbani na shimizi!"

Na wewe jua hivi: ssenga ndiye anayetoka mbele ya wageni kumtambua mchumba. Ssenga asipotoka, hakuna aliyetambuliwa, wageni wanarudi na vikapu vyao. Wala ssenga hatoki na shimizi.

Nikavuta pazia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, furushi mapajani, nimelikumbatia.

Sumayiya akasimama kama aliyegonga ukuta. "Wewe!"

"Mimi, nnyabo. Karibu."

"Nipe nguo zangu!"

"Nguo gani tena? Mbona umezipokea jana?" Nikamwonyesha simu ya Estelle. "Saini yako hii hapa."

"Sijaweka saini yoyote! Hiyo si yangu!"

"Ulizana na kidole chako."

Wenye nyanya walikuwa wameacha kuuza. Wenye samaki wakaja na visu mikononi. Nilimwona Wakili Ayoo naye anavuka kutoka ofisini kwake, kuna mtu alikwenda kumwita, Mungu ambariki mtu huyo.

"Mwizi wewe!" Sumayiya akapayuka. "Mkimbizi mwizi! Kama nilipokea, niletee karatasi! Niletee karatasi yenye mkono wangu!"

"Karatasi?" Nikacheka, na kicheko kile nilikitunza miezi mingi. Nikawageukia watu. "Mmemsikia? Karatasi ni za kwetu msituni, mama. Hapa Kampala kidole kimesema. Kidole kikisema, mdomo unyamaze."

Soko likalipuka. Wengine ni walewale waliocheka naye siku ile, sasa wanamcheka yeye. Simu yake ikaanza kulia, ni ssenga, au mumewe, au ni wageni wamefika, sijui. Haikunyamaza.

Akapoteza akili. Akampungia mkono Wakili Ayoo. "Wakili, wewe unaijua sheria, mwambie! Saini ya simu ile si kitu! Banange, hawa wa bodaboda si wanaziweka wenyewe wakichukua mzigo? Kila mwenye duka anajua! Hata ile cherehani yake, Okwir aliifungia oda palepale stoo kwangu, mvua ikamzuia, akaiacha, mimi ndiye..."

Akajiziba mdomo kwa mkono.

Haki ya Mungu, nilisikia mpaka inzi wa samaki. Wakili Ayoo akamsogelea polepole. "Wewe ndiye nini, nnyabo? Malizia."

"Nilisema... kwa hasira tu..."

"Ulisema saini ile haikuwa ya Nabintu, na ulijua siku ulipoileta mbele yangu." Hakupandisha sauti. "Sheria haikukukataza kuleta uthibitisho wa simu. Ilikutaka ulete wa kweli. Cherehani iko wapi?"

Sumayiya akatazama viatu vyake vya dhahabu, kama Okwir siku ile. "Niliiuza kwa mtu mwingine," akasema. "Oda ilikuwa imeshafungwa."

Nilidhani nitafurahi. Wapi! Alijua! Alinitazama nikichekwa mbele ya watu, naye cherehani yangu iko nyuma ya nyumba yake! Kama nisingekuwa na furushi mapajani, mikono yangu ingenitia jela siku hiyo.

"Nitakulipa," akaninong'oneza. "Nitakupa nyingine mpya. Dada yangu, mwanangu anaaibika sasa hivi. Nipe nguo."

"Cherehani utampa wakili, ataniita. Mimi nataka upande kule." Nikanyoosha kidole kwenye chumba cha mbao chini ya kizindaalo. "Ulikolitupa jina langu, kaliokote."

"Leo? Na hivi nilivyo?"

"Kwani mimi ulinitangaza nimevaa nini?"

Akapanda. Ngazi zile ni za mbao na viatu vile si vya ngazi, akavivua akavishika mkononi. Tukasikia kipaza sauti kinakwaruza, kisha sauti yake, haina asali hata tone. "Mimi ni Sumayiya wa Naguru. Nabintu hakupokea cherehani. Ilibaki kwangu, nikaiuza. Nabintu si mwizi."

"Rudia!" nikapiga kelele. "Upande wa mitumba hawajasikia!"

Akarudia. Na mara ya pili sauti ilimkatika kwenye jina langu, akalazimika kulitamka upya. Nilifumba macho nikalisikiliza likipita juu ya mabati, likaenda mpaka barabarani.

Aliposhuka, nilikuwa nimeweka karatasi na kalamu juu ya kigoda. "Saini hapa kwamba umepokea."

Wakili Ayoo akatabasamu kidogo. "Mama Nabintu, hata karatasi hudanganya. Mtu anaweza kuandika jina la mwenzake kwa kalamu."

"Najua, wakili. Ndiyo maana namtazama mkono."

Sumayiya akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, soko zima linamtazama mkono. Nikapuliza wino ukauke. Sikuwa na haraka. Kisha nikampa furushi.

Akakimbilia kijiwe cha bodaboda langoni. Vijana wote walikuwa wamesikia kizindaalo, na walikuwa wamesikia pia jinsi alivyowataja. Mmoja akakunja mikono. "Oda hiyo imefungwa, nnyabo." Wa pili akageuza shingo. Wa tatu akawasha pikipiki akaenda zake bila abiria. Akaita gari la kukodi kwa simu, na barabara ilikuwa imefungamana kwa magari hata mguu haupiti vizuri. Mwisho akajitwisha furushi kichwani, juu ya kilemba cha sherehe, viatu mkononi, akaanza kuupanda mlima wa Naguru.

Kabla hajafika kwenye kona aligeuka, machozi yamemharibu uso. "Binti yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea," nikamwambia. "Zifungue uone nilivyozishona."

Wanasema wageni walikaa getini juani mpaka alasiri, na kwamba ssenga alipotoka na ile hariri, watu walipiga vigelegele kwa uzuri wake. Wanasema pia Lailah aliuliza ni nani aliyeishona, na mama yake akajifanya anawahi wageni. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeshika kigoda changu na cherehani ya miguu, Estelle akinisaidia upande mmoja, tukavitoa nyuma ya pazia, nikakaa pale mbele, mahali ambapo kila anayepita ananiona.